Chaji Ipimwe Wapi? Historia ya Vihisi vya Kamera za Dijitali

Kihisi ni kipande cha silikoni kinachokaa nyuma ya lenzi ya kamera ya dijitali, mahali palepale ambapo zamani ilikaa filamu. Uso wake umegawanywa katika vijumba vidogo sana viitwavyo pikseli. Mwanga ukiingia kwenye pikseli hung'oa elektroni ndani ya silikoni, na elektroni hizo hukusanyika zikawa chaji: mwanga mwingi, chaji kubwa, mwanga haba, chaji ndogo. Albert Einstein alieleza mwaka 1905 kwamba mwanga huja kwa vifurushi, na kwamba kifurushi kimoja huweza kung'oa elektroni moja. Maelezo hayo ndiyo yaliyompa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, na ndiyo msingi wa kila picha inayopigwa leo kwa simu.

Mpaka hapo vihisi vyote ni sawa. Kinachovitenganisha ni kile kinachofuata baada ya chaji kukusanyika. Chaji hiyo lazima ipimwe ili igeuzwe kuwa namba, na swali ni ipimwe wapi. Kihisi cha aina ya CCD huisafirisha chaji ya kila pikseli hadi pembeni mwa chipu na kuipima kwenye kipimo kimoja. Kihisi cha aina ya CMOS huipima palepale ilipokusanyika, kila pikseli ikiwa na kipimo chake. Majibu haya mawili yameshindana tangu miaka ya 1960, na mara nyingi kilichoamua mshindi kilikuwa kiwanda, kwa kile kilichoweza au kilichoshindwa kukitengeneza, kuliko mvumbuzi mwenyewe.

Mirija ya kioo na mizani zisizolingana, hadi 1969

Kabla ya silikoni, kazi ya kugeuza taswira kuwa umeme ilifanywa na mirija ya kioo ya kamera za televisheni, na uliojulikana zaidi ulikuwa vidikoni. Ndani ya mrija mlikuwa na bamba linaloathiriwa na mwanga, na mwale wa elektroni ulilipitia bamba hilo mstari baada ya mstari. Mirija ilikuwa mizito, ilikula umeme mwingi, na ikielekezwa kwenye jua au taa kali iliweza kuungua na kubaki na kovu. Imeacha urithi unaowachanganya wanunuzi wa kamera hadi leo. Kihisi kinachouzwa kwa jina la "inchi 1" kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, hakuna upande wake unaofika inchi moja, ambayo ni milimita 25.4. Namba hiyo ilikuwa kipenyo cha nje cha mrija ambao eneo lake la kupokelea taswira lilikaribia ukubwa huo. Mrija ulitoweka, jina likabaki.

Katikati ya miaka ya 1960 wahandisi walianza kupanga vipokea mwanga vya silikoni katika safu, kila kimoja kikiwa na transista ya aina ya MOS iliyofanya kazi ya swichi. Mwaka 1967 Gene Weckler wa kampuni ya Fairchild, California, alieleza jinsi kipokea mwanga kinavyoweza kukusanya chaji kwa muda fulani kisha kusomwa. Mwaka uliofuata Peter Noble wa kampuni ya Plessey, Uingereza, alieleza pikseli yenye kikuzaji chake ndani. Hilo ndilo wazo lenyewe la kihisi cha CMOS cha leo. Ni kongwe kuliko CCD, ingawa simulizi nyingi huiweka CCD mbele kana kwamba CMOS ni mtoto wake.

Wazo lilikuwa zuri, utekelezaji ukagoma. Viwanda vya wakati ule havikuweza kutengeneza transista maelfu zinazolingana. Kituo cha kununulia korosho chenye mizani elfu moja, kila moja ikikosea kwa kiasi chake, kitatoa hesabu zisizoaminika hata kama wakulima wote wameleta mzigo uleule. Ndivyo ilivyokuwa kwa pikseli hizo. Ukuta mweupe mtupu ulitoka na chenga zisizohama, picha baada ya picha, mahali palepale. Kwa miaka ishirini iliyofuata hakukuwa na dawa ya kuaminika ya tatizo hilo, na mlango ukawa wazi kwa jibu la pili.

Saa moja huko New Jersey, 1969–1974

Jibu hilo lilitoka Bell Labs, maabara za utafiti za kampuni ya simu ya Marekani zilizokuwa Murray Hill, jimbo la New Jersey. Tarehe 17 Oktoba 1969, Willard Boyle, mzaliwa wa Kanada, na George Smith walikaa ofisini mbele ya ubao. Hawakuwa wakifikiria kamera. Uongozi wa maabara ulikuwa umeweka matumaini katika aina mpya ya kumbukumbu ya kompyuta iliyotumia sumaku, na idara ya Boyle ilitakiwa ionyeshe kwamba silikoni nayo ingeweza kufanya jambo kama hilo. Kwa muda usiozidi saa moja, wawili hao walichora kifaa kizima.

Kifaa chenyewe ni chepesi kukieleza. Vibamba vya kupitisha umeme hupangwa mfululizo juu ya silikoni, vikitenganishwa nayo na utando mwembamba usiopitisha umeme. Kibamba kikipewa volti, chini yake hutokea kitu kama shimo ambamo elektroni hutulia. Kibamba jirani kikipewa volti na cha kwanza kikaondolewa volti yake, shimo huhama, na elektroni huhama nalo. Siku ya kumwaga zege la ghorofa, vibarua hujipanga kutoka chini hadi juu na karai hupita mkono kwa mkono. Hakuna anayetoka mahali pake, kinachosafiri ni zege. Katika CCD karai ni shimo, zege ni chaji, na mwisho wa mstari pana kipimo kimoja kinachopima kila karai linapofika.

Faida yake inaonekana mara moja. Kwa kuwa mizani ni moja, makosa yake ni yaleyale kwa kila pikseli, na ukuta mweupe hutoka mweupe. Gharama yake nayo ni dhahiri: karai likimwagika njiani, hasara hujikusanya. Chaji ya pikseli iliyo mbali huweza kuhamishwa mara 2,000 kabla ya kupimwa. Ikiwa kila uhamisho unafikisha asilimia 99.9 ya chaji, kinachofika mwisho ni kama asilimia 13.5 tu. Ili ifike asilimia 98, kila uhamisho lazima ufikishe asilimia 99.999. Usafi wa silikoni unaohitajika kwa hilo ndio uliofanya utengenezaji wa CCD uwe fani ya pekee, yenye viwanda vyake na siri zake.

Kwamba kifaa hiki kingefaa kupiga picha kulionekana mapema. Michael Tompsett, mwenzao katika maabara hizo, alikiendeleza kuwa kihisi cha picha na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye hataza ya matumizi hayo. Boyle na Smith walipopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2009 bila yeye, malalamiko yalikuwa mengi, na yalikuwa na haki: tuzo ilitolewa kwa kifaa cha kupigia picha, na aliyekifanya kipige picha aliachwa. Kumbukumbu ya kompyuta iliyokuwa shabaha ya kwanza haikuleta chochote cha maana.

Aliyeitoa CCD maabara na kuipeleka sokoni ni Gil Amelio, aliyehama Bell Labs kwenda Fairchild. Kufikia mwaka 1974 kampuni hiyo ilikuwa inauza kihisi chenye pikseli 100 kwa 100. Ni pikseli 10,000 tu, lakini zilitosha kuanzisha mambo.

CCD yashika nchi, 1975–1990

Moja ya chipu hizo za Fairchild iliangukia mikononi mwa Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, mjini Rochester, New York. Mwaka 1975 aliunganisha chipu hiyo na lenzi ya kamera ya sinema, betri 16 na kinasa kaseti, akapata kifaa chenye uzito wa kilo 3.6. Picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti, kisha ikasomwa na mashine nyingine iliyounganishwa na televisheni. Katika jaribio la kwanza alipigwa picha mfanyakazi wa maabara. Nywele nyeusi na ukuta mweupe vilionekana sawasawa, lakini uso ulitoka vurugu tupu. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa waya. Zilipobadilishwa nafasi, uso ukajitokeza. Wakubwa wa Kodak waliona, wakauliza maswali, na mradi ukabaki kabatini. Kampuni iliyoishi kwa kuuza filamu haikuwa na sababu ya kuharakisha kifo cha filamu.

Ndani ya kampuni hiyohiyo, Bryce Bayer alikuwa akitatua tatizo la rangi. Silikoni haijui rangi. Huhesabu mwanga tu. Bayer alipendekeza kila pikseli ifunikwe kichujio cha rangi moja, kwa mpangilio ambao nusu ya pikseli ni za kijani, robo nyekundu na robo bluu. Kijani kilipewa nusu kwa sababu jicho la binadamu hupata sehemu kubwa ya maelezo madogo ya taswira kutoka kwenye mwanga wa kijani. Rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli hukadiriwa kutoka kwa majirani. Hataza ilitolewa mwaka 1976, na mpangilio huo umeishi kuliko vihisi vilivyokuwapo wakati ule: hutumika kwenye CCD na kwenye CMOS, katika kamera za maelfu ya dola na katika simu za bei nafuu kabisa.

Waliofaidi CCD mwanzoni hawakuwa wapiga picha. Desemba 1976 Marekani ilirusha setilaiti ya kijasusi ya KH-11, ya kwanza ya nchi hiyo kutuma picha zake duniani kwa mawimbi badala ya kuangusha mikebe ya filamu kutoka angani. Mwaka huohuo wa 1976 wanaastronomia walifunga CCD kwenye darubini ya Mlima Bigelow, Arizona, wakapiga picha ya sayari ya Uranusi. Kwao faida ilikuwa kubwa mno. Bamba la filamu hunasa asilimia chache tu ya mwanga unaolifikia, ilhali CCD nzuri hunasa zaidi ya asilimia 80. Usiku mmoja wa kazi ukawa na thamani ya usiku mwingi. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990, kamera yake kuu ilikuwa na CCD nane, kila moja ya pikseli 800 kwa 800.

Kuigeuza CCD iwe bidhaa ya dukani kulikuwa kazi ya Wajapani. Kazuo Iwama, aliyekuwa rais wa Sony kuanzia mwaka 1976, aliusukuma mradi wa CCD miaka mingi huku chipu nzuri zikitoka kwa nadra na fedha zikiteketea. Mwaka 1980 kamera za kwanza za rangi za Sony zenye CCD zilifungwa kwenye ndege kubwa za shirika la ANA ili abiria waone ndege ikiruka na kutua. Iwama alifariki mwaka 1982, kabla ya kuona matunda, na wenzake waliweka chipu ya CCD kwenye kaburi lake. Mwaka 1985 Sony ilitoa kamera ya video ya mkononi yenye pikseli 250,000, na baada ya hapo mirija ya vidikoni haikuwa na nafasi tena.

Katika miaka hiyohiyo ulitokea uvumbuzi usiojulikana sana nje ya fani, nao ndio ulioamua hatima ya pande zote mbili. Nobukazu Teranishi na wenzake wa kampuni ya NEC walikuwa wakisumbuliwa na mabaki: chaji haikuhama yote, hivyo picha moja iliacha kivuli ndani ya picha iliyofuata. Mwaka 1980 walibuni kipokea mwanga kilichozikwa chini ya utando wa silikoni, kinachojimwaga hadi tone la mwisho. Kivuli kikatoweka, na chenga za gizani zikapungua pia, kwa kuwa uso wa silikoni, palipo na kasoro nyingi, haukugusana tena na chaji. Kilitengenezwa kuiokoa CCD. Miaka 15 baadaye kingeipa silaha CMOS.

CMOS yarudi, 1990–2000

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitaka vyombo vidogo na vya bei ndogo. CCD haikuufaa mpango huo. Ilihitaji volti za aina kadhaa, nyingine zikizidi 10. Ilihitaji chipu za pembeni za kuiendesha na za kugeuza vipimo kuwa namba. Na mionzi ya angani iliharibu taratibu uwezo wake wa kuhamisha chaji, kwani kila kasoro mpya kwenye silikoni ni tundu jingine kwenye karai.

Eric Fossum wa maabara ya JPL, California, alilirudia swali la zamani: kwa nini chaji isipimwe palepale? Tangu siku za Noble viwanda vya chipu vilikuwa vimepiga hatua kubwa. Transista zilikuwa zimepungua ukubwa kiasi kwamba kadhaa ziliweza kuingia ndani ya pikseli moja na bado pakabaki nafasi ya mwanga. Fossum aliingiza ndani ya kila pikseli uhamisho mmoja tu wa chaji, kama CCD ya hatua moja. Pikseli husomwa kwanza ikiwa tupu, chaji ikahamishwa, ikasomwa tena, na kipimo cha kwanza kikatolewa kwenye cha pili. Kosa la mizani hujifuta lenyewe: mizani inayosoma gramu 200 ikiwa tupu bado ni mizani nzuri, mradi gramu hizo zitolewe. Chenga zisizohama zilizowaua watangulizi wake zikapungua sana. Mwaka 1993 alichapisha makala ambayo kichwa chake kiliuliza kama CCD ni madinasoria. Wengi wa wenye fani hawakukubaliana naye.

Walikuwa na sababu. Picha za CMOS za wakati ule zilikuwa na chenga, hasa gizani, na sehemu ya mwanga iliangukia transista badala ya kipokea mwanga. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kilikuwa tayari kimezaa kampuni iliyouza kamera za chipu moja za CMOS, na mwaka 1995 Fossum na wenzake walianzisha kampuni ya Photobit. Lakini masoko yao ya kwanza yalikuwa ulinzi, vichezeo na kamera za kompyuta, mahali ambapo bei ilitangulia ubora.

Kilichobadilisha mizania ni mambo mawili. La kwanza ni kipokea mwanga cha Teranishi, kilichohamishiwa ndani ya pikseli ya CMOS katikati ya miaka ya 1990. Hapo ndipo chenga za gizani zilipopatiwa dawa. La pili ni uchumi. Chipu ya CMOS ilitengenezwa kwa njia zilezile zinazotengeneza chipu za kompyuta, kwa hiyo kila maendeleo yaliyolipiwa na soko kubwa la kompyuta yaliifikia bure. CCD ilibidi ijilipie kila hatua yenyewe.

Muongo wa ushindani, 2000–2010

Kamera za dijitali za kitaaluma zilizaliwa mikononi mwa CCD. Mwaka 1991 Kodak, hatimaye, ilitoa DCS, mwili wa Nikon F3 uliofungwa kihisi cha megapikseli 1.3; Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na CCD ya megapikseli 2.7. Kisha mwaka 2000 Canon ikatoa EOS D30, yenye kihisi cha CMOS ilichokitengeneza yenyewe, cha megapikseli 3 na kidogo. Picha zake zilikuwa laini, zisizo na chenga nyingi, na zilivunja imani kwamba CMOS ni ya vichezeo. Hata hivyo Canon haikuwa na uhakika kamili: EOS-1D ya mwaka 2001, kamera yake ya kasi kwa waandishi wa habari, ilitumia CCD. Mwaka uliofuata EOS-1Ds ilileta CMOS ya megapikseli 11 yenye ukubwa kamili wa fremu ya filamu, milimita 36 kwa 24.

Mwaka 2002 lilijitokeza pia jibu la tatu kwa swali la rangi. Kampuni ya Foveon, iliyoanzishwa na Carver Mead na wenzake, ilitumia sifa ya silikoni yenyewe: mwanga wa bluu humezwa karibu na uso, kijani katikati, nyekundu chini zaidi. Zikipangwa tabaka tatu za kupimia katika pikseli moja, hakuna haja ya vichujio wala ya kukadiria. Kamera ya Sigma SD9, iliyotumia kihisi hicho, ilitoa picha zenye ukali wa kipekee kwa mwanga wa kutosha. Lakini tabaka hazitenganishi rangi kikamilifu, na hesabu za kuzitenganisha huongeza chenga mwanga ukipungua. Foveon ilibaki na wapenzi wachache waaminifu, na haikuwahi kuitishia Bayer.

Mwaka wa kuamua ulikuwa 2007. Sony ilianza kuweka kigeuza-namba kwenye kila safu wima ya pikseli za CMOS, hivyo maelfu ya vipimo vikafanyika kwa pamoja, kila kimoja kikienda taratibu. Mwendo wa taratibu humaanisha chenga chache. CCD, yenye mlango mmoja au michache ya kutokea, haikuwa na namna ya kufuata: kadiri pikseli zilivyoongezeka ndivyo mlango wake ulivyolazimika kupitisha kwa kasi zaidi, na kasi huzaa chenga. Kwenye kipimo cha ISO, kinachoonyesha wepesi wa kamera kunasa mwanga haba, Nikon D200 ya CCD ilifika 1600 kwa kiwango chake cha kawaida. Nikon D3 ya CMOS, iliyotoka mwaka 2007, ilifika 6400. Mpiga picha wa harusi au wa mpira wa usiku hakuhitaji maelezo mengine. Mwaka 2008 Canon EOS 5D Mark II ilirekodi video ya kiwango cha juu kwa kihisi kikubwa, jambo ambalo CCD ya ukubwa ule isingeliweza bila kupata joto na kumaliza betri.

Bamba lapinduliwa, 2009 na baada yake

Simu ilileta tatizo la aina yake. Kihisi chake kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na pikseli zake zilikuwa zinakaribia upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyaya za CMOS hupita juu ya kipokea mwanga, na pikseli ikiwa finyu hivyo mwanga hulazimika kushuka kama kwenye kisima chembamba chenye kingo ndefu. Suluhisho lilikuwa kuligeuza bamba: silikoni husagwa hadi ibaki unene wa mikromita chache, kisha mwanga huingizwa kutoka nyuma, upande usio na nyaya. Wanaastronomia walikuwa wakifanya hivyo kwa CCD zao muda mrefu, kipande kimoja kimoja na kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 Sony ilianza kuuza kamera zenye vihisi vya namna hiyo kwa wingi, na mwaka 2010 iPhone 4 ilikuwa nacho. Hatua iliyofuata, kuanzia 2012, ilikuwa kubandika chipu mbili: ya juu hupokea mwanga, ya chini hufanya hesabu.

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki kamera ya kwanza kumiliki ilikuwa ya simu, kwa hiyo CMOS ndicho kihisi pekee walichowahi kukitumia. Hilo limeifanya kasoro yake moja ionekane ya kawaida. Mtu akipiga picha ya pangaboi linalozunguka kwa kasi, mapanga yake hutoka yamepinda kama mundu, kwa sababu CMOS ya kawaida haisomi pikseli zote kwa wakati mmoja. Husoma mstari wa juu, wa pili, wa tatu, na panga huwa limeshasogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Chini ya baadhi ya taa za LED, tabia hiyohiyo huleta michirizi ya giza inayokata picha. CCD za kamera ndogo hazikuwa na ila hiyo: chaji zote zilihamishwa kwa mpigo mmoja hadi kwenye safu zilizofunikwa, kisha zikasomwa bila haraka. Zilikuwa na ila yake nyingine, mstari mweupe wa wima unaopita juu na chini ya taa kali, unaoonekana kwenye video nyingi za harusi za miaka ya 1990.

Njia ya kuipunguza kasoro ya pangaboi ni kusoma haraka zaidi. Sony A9 ya mwaka 2017 ilisoma kihisi chake kwa kasi iliyoiwezesha kupiga picha 20 kwa sekunde bila shata ya chuma, na Nikon Z9 ya mwaka 2021 iliiacha kabisa shata hiyo. Novemba 2023 ilitangazwa Sony A9 III, kamera ya kwanza ya ukubwa kamili wa fremu yenye CMOS inayosoma pikseli zote kwa mpigo mmoja. Pangaboi lake halipindi. Lakini kila pikseli ilibidi igawe nafasi yake kati ya kupokea mwanga na kuhifadhi chaji inayosubiri, na ISO yake ya chini kabisa ya kawaida ikawa 250, wakati ndugu yake wa awali alianzia 100. Nafasi ndani ya pikseli haijawahi kutolewa bure, kwa aina yoyote ya kihisi.

Mahali CCD ilipobaki

Leica M9 ya mwaka 2009 ilikuwa miongoni mwa kamera za mwisho mashuhuri za CCD. Mrithi wake wa mwaka 2012 alihamia CMOS. Kodak iliuza kitengo chake cha vihisi mwaka 2011, ikaomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Mwaka 2015 Sony, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, iliwaarifu wateja kwamba ingesitisha utengenezaji wa CCD.

Miaka ya karibuni vijana wengi wamerudi kununua kamera ndogo za CCD za miaka ya 2000 wakiamini kwamba CCD yenyewe hutoa rangi nzuri zaidi. Picha hizo zina mvuto wake na hakuna sababu ya kuwazuia wanaozipenda. Chanzo chake, hata hivyo, si CCD. Silikoni ya pande zote mbili hupokea mwanga kwa namna ileile. Rangi huamuliwa na vichujio vilivyo juu yake, na programu ya kamera, na lenzi, na flashi ndogo iliyo karibu mno na lenzi hiyo. Anayetafuta kamera ya namna hiyo achague kwa kutazama picha zake, wala asisome herufi tatu zilizoandikwa kwenye boksi.

Katika sayansi CCD haijastaafu. Gari la Perseverance, lililotua kwenye sayari ya Mirihi Februari 2021, limebeba aina zote mbili: kamera zake za kuongozea mwendo ni za CMOS, na macho yake mawili makuu juu ya mlingoti ni ya CCD. Katika kilele cha Cerro Pachón, Chile, darubini ya Vera Rubin ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025. Kamera yake ina megapikseli 3,200, kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa kwa ajili ya astronomia, na hupozwa hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri. Ndani yake mna vihisi 189 vya picha, na vyote ni CCD.